Uuguzi wa Vyombo vya Mwangwi

Kazi inipayo riziki ni kufundisha Kiswahili katika chuo kikuu. Kazi inipayo usingizi mwema ni kutengeneza vile vyombo vidogo vya umeme ambavyo wapiga gitaa huvikanyaga kwa mguu ili kuigeuza sauti ya nyuzi zao: kuipa mwangwi, kuitetemesha, kuifanya ikwaruze au ilie kama mtoto. Wenzangu chuoni wamezoea kustaajabu. Mtu mwenye shahada ya uzamivu, wasema, ana haja gani ya kushinda Jumamosi nzima ameinamia kisanduku cha bati, moshi wa risasi ukimpanda puani? Huwajibu ya kwamba hapana darasa lililonifunza maana ya vitenzi vyetu kuliko meza ile. Nao hucheka, wakidhani nafanya mzaha. Nasema kweli tupu, na hapa nataka kueleza kwa nini.

Vyombo vyenyewe havina jina lililotulia katika lugha yetu. Wanamuziki huviita pedali, nami nitaviita hivyo, ijapokuwa neno hilo lina mwenyewe tangu zamani, yaani baiskeli. Kamusi zatupa neno kikanyagio, neno zuri na halali, lakini sijamsikia mpiga gitaa hata mmoja kati ya Mwanza na Magu akilitumia, na lugha haiendeshwi kwa amri. Mwangwi ni neno ambalo kila mtu analo mdomoni. Watu wa huku waliujua mwangwi kabla umeme haujafika, maana nchi hii ni ya majabali. Mtoto aliyepotelewa na mbuzi akiita penye mawe ya Bujora huitikiwa na mawe kabla hajaitikiwa na mbuzi.

Bujora iko Kisesa, kiasi cha kilomita 20 kutoka mjini Mwanza kwa barabara iendayo Musoma. Wasomaji wengi huijua kwa sababu ya Makumbusho ya Wasukuma, yaliyoanzishwa na Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada, aliyefanya kazi hapa tangu miaka ya 1950. Humo zimehifadhiwa ngoma za watemi, ambao mamlaka yao yaliondolewa kwa sheria mwaka 1963. Na kila mwezi wa Juni, wakati wa sikukuu ya Bulabo, vyama vya Bagika na Bagalu hushindana kucheza, kama walivyoshindana wafuasi wa Ngika na Gumha katika karne ya 19. Mimi nakaa karibu kiasi cha kuzisikia ngoma hizo nikiwa mezani pangu. Kabla ya mchezo wapigaji huzianika juani au huzipasha moto, ngozi ipate kukaza na sauti ipande. Sasa, zipo pedali za zamani za kukwaruza zilizotengenezwa kwa transista za jerimaniamu, nazo zina tabia iliyo kinyume kabisa: joto likizidi umeme huvuja ndani ya transista, na sauti hufifia au hukatika vipande vipande. Nimepata kumwona kijana mmoja aliyeiweka pedali ya namna hiyo juani, jirani na ngoma zilizoanikwa. Ngoma zilichangamka, pedali ilinyamaza mpaka jua liliposhuka na upepo wa ziwa ukaanza kuvuma. Kijana alikwisha kuitafuta tiba kwa mganga wa redio, kumbe tiba ilikuwa kivuli cha mwembe.

Karibu pedali zote zinifikiazo ni za mtumba. Mpya ni ghali, na mpiga gitaa wa harusi za kijijini hana fedha ya namna hiyo. Hutoka Japani, Uingereza au Marekani, zikapita mikono mingi, zikafika Mwanza zikiwa na alama za maisha ya kwanza: kifungo kimoja cha rangi tofauti na vingine, jina la mtu lililochorwa kwa msumari chini ya bati, gundi iliyokauka. Pamoja nazo huja hatari moja ambayo muuzaji mara nyingi haijui. Umeme wa nyumba za Japani ni wa volti 100, na wa Marekani ni wa volti 120. Wetu ni wa volti 230. Kile kisanduku cha kupunguza umeme kilichofungwa pamoja na pedali tangu kwao, kikichomekwa katika ukuta wa Kisesa, hakipati hata nafasi ya kulalamika. Kwa hiyo jambo la kwanza nimwulizalo mtu sikuzote ni hili: uliichomeka wapi? Na hapa ndipo somo la vitenzi linapoanza.

Katika miaka yote ya kazi hii sijapata kuletewa pedali iliyounguzwa. Zote zimeungua. Wanafunzi wangu wa sarufi hujifunza kwa taabu tofauti ya kuungua na kuunguza, na huandika katika mitihani ya kuwa kitenzi cha kwanza hakimtaji mtenda. Lakini hawajaona jinsi mtu mzima, mwenye ndevu, anavyojificha nyuma ya tofauti ya konsonanti moja. "Imeungua, mwalimu." Imeungua yenyewe, usiku, watu wote wakiwa wamelala. Simlaumu, kwa kuwa lugha imempa mlango naye ameupita. Walakini mimi muuguzi nahitaji kumjua mtenda, maana aliyeiunguza kwa volti 230 ameiletea ugonjwa tofauti na yule aliyeiunguza kwa kugeuza chanya na hasi.

Mgonjwa hasemi, asemaye ni mwenyewe, na kila neno lake lina dalili ndani yake. Akisema "inakoroma", najua ya kuwa ni ile sauti nzito isiyokoma, itokayo katika umeme wa ukutani wenyewe, na huangalia kisanduku cha umeme na ala ya waya kabla sijaigusa pedali. Akisema "inakwaruza", humwuliza: inakwaruza wakati wote, au unapozungusha kifungo tu? Ikiwa ni kifungo, ni vumbi, na dawa yake ni matone machache ya dawa ya kusafishia swichi na kuzungusha mara thelathini. Mafuta ya mashine yasitiwe kamwe, maana hukusanya vumbi lingine. Ikiwa ni wakati wote, huenda betri inakata roho. Akisema "inapiga mluzi", kuna sauti itokayo ambayo inapata njia ya kurudi iingiapo. Akisema "inakatika", hapo kuna kiungo kilicholegea, na kiungo hicho hutafutwa kwa kugongagonga polepole kwa kijiti kikavu cha mwanzi, kisanduku kikiwa wazi na gitaa likilia, mpaka kijiti kifike mahali sauti iruke. Akisema "imekufa", hilo ni neno la kilio. Si dalili, na mara nyingi si kweli.

Siku moja kijana wa kwaya alinijia na neno jipya: pedali yake, alisema, "inasitasita kama mtu mwenye deni." Nilipoifungua nikaikuta imejaa wadudu wa ziwani, wale wapandao hewani kwa makundi kama moshi wa moto wa mbali, wameingia kwa tundu la waya wakafia ndani na kushikamana na unyevu penye swichi. Maelezo yake yalikuwa sahihi kuliko kitabu chochote.

Kanuni ya uchunguzi ni kuanza na kilicho rahisi, na kila fundi ajua hivyo, lakini kila fundi huona haya kuanza nacho. Betri kwanza. Betri ya volti 9 hupimwa kwa mita. Asiye na mita huigusa kwa ulimi, na ulimi husema kweli. Kisha waya. Kisha tundu la kuchomeka waya, ambalo lina siri yake: katika pedali nyingi tundu la kuingizia sauti ndilo swichi ya betri. Waya ukiwa umechomekwa betri inafanya kazi, hata kama gitaa limening'inizwa ukutani na mpigaji amelala fofofo. Nusu ya pedali "zilizokufa" zimekufa kwa namna hiyo, nazo hufufuka kwa bei ya betri moja na onyo moja. Baada ya hayo ndipo huifungua na kuifuata sauti njia nzima, toka iingiapo hata itokapo, kwa waya wenye ncha iliyotiwa kapasita ndogo na kuunganishwa na amplifaya: hapa inasikika, hapa inasikika, hapa haisikiki, basi ugonjwa uko kati ya hapa na hapa. Njia hii haihitaji elimu kubwa ya umeme, yahitaji saburi tu.

Kuna kiungo kimoja nikipendacho kuliko vingine. Pedali nyingi ndogo hutaka hasi katikati ya kichomeo na chanya pembeni, na visanduku vingi vya redio na vyombo vingine vimepangwa kinyume. Watengenezaji wenye busara waliweka mlangoni diodi ndogo, si kubwa kuliko punje ya mchele, ambayo umeme ukija kinyume huupokea yote na kuupitisha yenyewe. Mara nyingi diodi hiyo hufa kwa kazi hiyo, na kwa kufa kwake hufunga njia, pedali ikaonekana imekwisha. Iondoe, weka nyingine ya shilingi chache, na vyote vilivyokuwa nyuma yake utavikuta vizima. Ziko pia zile pedali za Boss za awali, kampuni iliyoanza kutoa pedali zake ndogo mwaka 1977, ambazo zilikusudiwa kupokea volti 12 za kisanduku cha namna ya zamani. Mtu akizipa volti 9 taa yake huwa hafifu na sauti hukonda, naye huja kulia kwamba ameuziwa kitu kibovu. Kisome kibandiko chini ya bati kabla hujamlaumu muuzaji.

Neno hili "kibovu" lanisumbua, na nitaligusa kidogo ingawa linanitoa njiani. Sauti ile ya kukwaruza, ambayo vijana wanalipa fedha kuipata, ilianza kama ubovu. Katika studio moja ya Nashville, Marekani, kifaa katika meza ya kurekodia kiliharibika, na gitaa la besi la Grady Martin katika wimbo wa Marty Robbins uliotoka mwaka 1961 likatoka likinguruma kama nyuki katika debe. Watu wakaupenda ubovu ule. Fundi Glenn Snoddy akatafuta namna ya kuutengeneza makusudi, na mwaka 1962 ukauzwa ndani ya kisanduku kilichoitwa Maestro Fuzz-Tone. Wazungu wakaona wamegundua jambo. Lakini Wagogo huzitia ilimba zao pete za chuma zenye kuchachatika, na huziba tundu kwa utando wa buibui, ili sauti isitoke tupu bali itoke imevaa mvumo. Hapo fundi wa kigeni angesema chombo ni kibovu, akakirekebisha, akakiua. Kwa hiyo hata leo, mtu akiniletea pedali yenye kukwaruza, humwuliza kwanza kama anataka ipone.

Sasa nifike kwa mgonjwa aliyenifanya nikaandika insha hii.

Pana mzee mmoja hapa Kisesa, umri wake wapita miaka sabini, aliyepiga gitaa la solo katika bendi za dansi za miji ya ziwani kwa miaka zaidi ya ishirini. Wanafunzi wa historia ya muziki wetu yafaa walikumbuke jambo hili: wengi wa wapigaji wale hawakuwa na vyombo vyao wenyewe. Vyombo vilikuwa vya mwenye bendi, awe mfanyabiashara, au jeshi, au chama. NUTA Jazz, kwa mfano, iliundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, na jina lake lilikuwa jina la chama. Mpigaji akiondoka aliondoka na vidole vyake. Na chombo kikiungua katika miaka ile ya uhaba wa fedha za kigeni, si chombo tu kilichonyamaza. Bendi nzima ilinyamaza. Ya mzee wetu ilikufa hivyo hivyo. Amplifaya iliungua mjini Musoma, ikakaa kwa fundi miezi, na wapigaji mmoja mmoja wakarudi kulima pamba.

Alipokuwa amekwisha kuzeeka, binti yake alimnunulia gitaa la umeme la mtumba, amplifaya ndogo, na pedali ya mwangwi. Ndivyo vyombo vya kwanza vilivyokuwa vyake. Nyimbo zake mwenyewe, kama kumi na mbili hivi, hazikupata kurekodiwa na mtu yeyote. Basi akapatana na kijana mmoja mwenye kirekodi kwamba zirekodiwe zote siku ya Jumamosi. Jumatano alinijia, pedali ameifunga katika kanga.

"Mwanangu mwalimu," akasema, "mwangwi wangu umefunikwa blanketi."

Nilifurahi kwa neno lile, maana blanketi ni dalili safi: sauti za juu zimepotea, zimebaki za chini. Nikaweka betri mpya. Nikabadili waya, kwa sababu waya mrefu kupita kiasi hunyonya sauti za juu. Nikasafisha tundu na vifungo. Nikaifuata sauti kwa ncha ya waya, hatua kwa hatua, na kila hatua nikaikuta nzima. Kwa maumbile yake pedali ya namna ile hutoa mwangwi wenye giza kidogo kuliko sauti ya kwanza, nayo ilifanya hivyo, wala haikuzidi. Siku ya Alhamisi nikaenda nayo kwake. Tukatia nyuzi mpya. Akapiga, akatikisa kichwa. Nikaiondoa pedali kabisa, gitaa likaenda moja kwa moja katika amplifaya. Akapiga, akatikisa kichwa. Blanketi lilikuwa pale pale, nami nilikuwa nimebakiwa na kitu kimoja tu ambacho sikukipima.

Ndipo nilipokumbuka mambo ya mwaka mzima. Nikimwambia "fika" huitika kana kwamba nimesema "shika". Majina ya wajukuu wake yenye s huyataja mara mbili akingoja asahihishwe. Kila mwanafunzi wa fonetiki ajua ya kwamba konsonanti kama f, s na sh hukaa juu kabisa katika sauti ya mtu, na masikio yanapochakaa kwa uzee au kwa makelele huanza kupoteza huko juu. Irabu hubaki, kwa hiyo mtu huendelea kusikia kuwa anasemeshwa, illa hajui vema anaambiwa nini. Mzee huyu alisimama miaka ishirini, usiku hata alfajiri, kati ya matoazi ya mpiga ngoma na spika za pembe.

Lakini yeye ni wa rika la baba yangu. Hapana njia katika adabu zetu ya kijana kumwambia mzee kama huyo, uso kwa uso, ya kwamba masikio yake yamekwisha, tena siku mbili kabla ya jambo alilolingojea tangu ujana. Nikafikiri nimpitie mkewe, au binti yake. Nikafikiri pia nimwambie ya kuwa pedali ina ugonjwa usiotibika, na uongo huo ungekuwa mwepesi ulimini; ila pedali ilikuwa yake, chombo cha kwanza katika maisha yake, nami nisingeweza kukitangaza kibovu nikijua ni kizima.

Yeye mwenyewe alinitua mzigo. Aliweka gitaa magotini akanitazama.

"Wewe wasikia nini?"

"Nasikia vizuri, mzee wangu."

"Vizuri namna gani?"

"Vizuri kama siku ile uliyoileta mara ya kwanza."

Akanyamaza. Kisha akamwita mjukuu wake, mtoto wa miaka tisa, akampigia nyuzi mbili za chini kabisa, zile nyembamba, karibu na daraja la gitaa. "Inaliaje?"

"Inachoma, babu. Kama sindano."

Mzee akapiga tena nyuzi zile, polepole, sikio amelilaza juu ya mbao. Akapiga mara ya tatu. Hakusema neno la masikio, wala mimi sikulisema. Alisema tu, akitazama nje, "Yule mpiga ngoma alikuwa kushoto kwangu sikuzote," akajigusa sikio la kushoto kwa ncha ya kidole, kama mtu apimaye betri.

Siku ya Ijumaa nilipopita nilimkuta na mjukuu wake sakafuni, pedali kati yao. Mzee anazungusha kifungo. Mtoto anasikiliza, amefumba macho, anasema bado, bado, imezidi, rudi, hapo. Penye "hapo" mzee alichukua chupa ya rangi ya kucha ya binti yake akatia nukta nyekundu juu ya bati. Walifanya hivyo kwa kila kifungo cha pedali, kisha kwa vifungo vya amplifaya. Nilimwuliza kama atamwamini mtoto wa miaka tisa katika sauti ya nyimbo zake. Akajibu ya kuwa siku zote alimwamini mwenye bendi, aliyekuwa hajui hata kushika gitaa.

Nyimbo zilirekodiwa Jumamosi, kumi na moja. Mmoja aliusahau beti la kati akakataa kuuimba nusu. Nimezisikiliza mara nyingi tangu wakati huo. Kidole hakikutetereka, na sauti za juu zipo zote, kali na safi, pale pale mtoto alipoziweka. Mzee alipiga muda wote akiangalia chini penye nukta zake nyekundu, si penye vidole. Kirekodi kilipozimwa alichomoa waya kwanza, ili betri isiishe usiku, kisha akauliza kama chai imekwisha kuwa tayari.